Karakana ya pamoja, maseremala 16: tununue mashine ya randa ya pande nne au tuiache?

Fundi Bawaba:

Wakuu, habari za kazi.

Tuko maseremala 16 hapa Temeke, Dar, kwenye karakana moja. Kila mtu ana wateja wake, ila kodi, umeme na mlinzi tunachangia. Tuna msumeno wa meza, msumeno wa mkanda na drili mbili za kusimama. Kupiga randa tunapeleka kwa jirani mwenye mashine, shilingi 700 kwa ubao wa futi 12, pande zote nne. Sisi sote kwa pamoja tunapeleka kama mbao 560 kwa wiki, nyingi ni 2x6 na 1x8 (inchi) za paini kutoka Mafinga. Mninga na mkongo, zile mbao ngumu, ni kidogo.

Sasa kuna mtu anauza mashine ya pande nne iliyotumika, ya Italia, vichwa vinne vya visu, inachukua ubao hadi milimita 230 kwa upana na 120 kwa unene. Uzito tani 2.4, urefu mita 3.2. Kibao chake kinasema volti 400, hezi 50, na mota zote zikijumlishwa ni kilowati 21. Bei milioni 34. Mfukoni tuna milioni 9. Hizo 25 zilizobaki tungekopa kwa miezi 24, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua.

Nusu ya kikundi wanataka tuchukue kabla hajapewa mwingine. Nusu wanasema tutafute tiknesa (mashine ya kuweka unene sawa) ya upana wa milimita 500 na randa ya meza, vyote vilivyotumika, kwa kama milioni 11. Umeme tunao wa fezi tatu, tunatumia LUKU, yaani wa kulipia kabla. Banda lina mita 14 kwa 9, sakafu ni zege nyembamba ya kawaida.

Naomba wanaozijua hizi mashine watusaidie. Tuangalie nini kabla ya kutoa pesa?

Penseli Sikioni:

Mkuu, umeweka takwimu zote, hivyo hesabu inawezekana. Anzeni na saa za kazi kabla ya pesa.

Ubao wa futi 12 ni mita 3.66. Mashine ya namna hiyo ukiiendesha mita 8 kwa dakika, na ukikubali kwamba kati ya ubao na ubao kuna mapengo, inapitisha kama mita 290 kwa saa. Hizo ni mbao 79. Mbao zenu 560 zinaisha kwa saa saba. Yaani mashine ya milioni 34 itafanya kazi siku moja na kulala siku tano.

Sasa pesa. Mkopo wa milioni 25 kwa masharti hayo ni rejesho la shilingi 1,248,000 hivi kila mwezi. Weka mwendeshaji mmoja 450,000. Weka akiba ya matengenezo 250,000, na hii msiiguse, nitaeleza. Umeme wa saa 30 za kazi ni kama uniti 400, tuseme 144,000, lakini chukueni risiti yenu ya LUKU mgawanye shilingi mlizolipa kwa uniti mlizopata, hiyo ndiyo bei yenu halisi. Kunoa visu 80,000. Jumla milioni 2.17 kwa mwezi. Mbao zenu kwa mwezi ni kama 2,400, kwa hiyo kila ubao unawagharimu shilingi 905. Kwa jirani mnalipa 700.

Ili mlingane na bei ya jirani mnahitaji mbao 3,200 kwa mwezi. Hapo bado hamjapata faida hata shilingi.

Halafu kuna kosa ambalo nimeliona kwenye vikundi vingi vinavyonunua mashine kubwa. Milioni 9 zenu mmeshazihesabu kwenye bei. Nani atalipia msingi wa zege, kebo mpya, mashine ya kunyonya maranda na mabomba yake, gari lenye winchi, seti mbili za visu na fundi wa kufunga? Kwa mashine ya tani mbili na nusu, ziada hiyo isipungue robo ya bei ya ununuzi. Hizo milioni 9 ni za kufungia mashine. Ikiwa ndivyo, mtakopa milioni 34 yote, rejesho linapanda hadi karibu milioni 1.7, na mnahitaji mbao 3,950 kwa mwezi ili mlingane na jirani.

Kuhusu akiba ya 250,000: vichwa vinne vina beringi nane kwa uchache, na beringi za shafti inayozunguka mara 6,000 kwa dakika si zile za kuokoteza dukani kwa bei ya chini. Zitakwisha, na zikianza kupiga kelele hamna muda wa kuchangishana.

Fezi Tatu:

Naongezea upande wa umeme, maana hapo ndipo mashine nyingi zilizotumika hufia wiki ya kwanza.

Kilowati 21 za mashine, ongeza kilowati 5.5 za mashine ya kunyonya. Jumla 26.5. Kwa volti 400 hizo ni karibu ampea 51 kwa kila fezi mzigo ukiwa kamili. Angalieni brekaa kuu iliyo baada ya mita. Ikiwa ni ya ampea 60, msumeno wa meza na drili zikifanya kazi pamoja na mashine hiyo, itakuwa inakatika kila mara. Mtahitaji kuomba shirika la umeme, TANESCO, waongeze uwezo wa laini, na hilo liulizeni kabla hamjatoa hata malipo ya awali, kwa sababu kama transfoma ya mtaa imeshajaa, jibu linaweza kuchukua muda mrefu kuliko subira ya muuzaji.

Msiwashe vichwa vyote kwa pamoja. Mota ya kilowati 5.5 inakula ampea 11 ikiwa kwenye mwendo, lakini ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara sita au saba ya hapo kwa sekunde chache. Washa cha kwanza, subiri mlio utulie, washa cha pili. Kama mota kubwa zina kianzio cha sta-delta (kinaanzisha mota kwa nguvu ndogo, yaani sta, kisha kinaipa nguvu kamili, yaani delta), hakikisheni kinabadilika kweli kutoka sta kwenda delta. Kikikwama kwenye sta, mota inazunguka vizuri bila mzigo, ila ubao ukiingia tu inazidiwa na kuungua.

Sasa jambo ambalo watu hawalipimi. Chukueni mita ya umeme, mpime volti kati ya fezi na fezi, jozi zote tatu, mchana wakati majirani wanachomelea vyuma, na tena saa moja usiku. Tuseme mmepata 400, 398 na 380. Wastani ni 392.7, na ile iliyo mbali zaidi imepotea kwa 12.7, yaani asilimia 3.2. Inaonekana ni kidogo. Lakini volti zikipishana kwa asilimia 3, ampea za mota hupishana mara kadhaa zaidi ya hapo, na mota inapaswa kupewa tisa ya kumi tu ya mzigo wake. Zikipishana zaidi ya hapo, waya wa ndani wa mota unapikika polepole.

Na fezi moja ikikatika huku mashine inafanya kazi, mota haisimami. Inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, inanguruma, inavuta ampea karibu mara moja na robo tatu ya kawaida, na baada ya dakika chache mnasikia harufu. Wekeni rilei (swichi inayokata umeme yenyewe) ya kulinda fezi kwenye paneli, na rilei ya mzigo kwa kila mota, ikiwa imewekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota hiyo. Mashine za mitumba mara nyingi rilei hizi zimerukwa kwa kipande cha waya. Fungueni paneli muangalie kwa macho.

Kebo kutoka mita hadi mashine, kama ni mita 60, msiweke chini ya milimita 16 za mraba za shaba.

Heri yenu kibao kinasema 400 na hezi 50. Mkibadili mawazo mkaangalia mashine kutoka Japani, jueni kiwandani kwao fezi tatu ni volti 200. Ukiichomeka hapa bila transfoma imekwisha.

Mninga Mkavu:

Wakuu hapo juu wameshaongea pesa na umeme. Mimi naongelea mbao, kwa sababu naona jambo moja halijatajwa na ndilo linalopaswa kuamua.

Mashine ya pande nne hainyoshi ubao uliopinda. Watu wanaiona inameza ubao mbaya upande huu na kutoa ubao unaong'aa upande ule, wanadhani umenyooka. Ndani kuna roli zinazoukandamiza ubao ukalala bapa, visu vinapita, kisha ukitoka unarudi kwenye pinda yake. Unatoka laini, una unene mmoja, na bado umepinda kama upinde. Kwa fremu za dari, mbao za ulimi na mfereji, skatingi, hiyo si shida, misumari itaunyosha. Kwa mguu wa meza au fremu ya mlango ni shida kubwa. Mlango utagusa kizingiti kona moja.

Kinachonyosha ni randa ya meza, ile ndefu ambayo mtu anasukuma ubao kwa mkono bila kuukandamiza, kisu kinakula sehemu zilizoinuka tu. Baada ya hapo ndipo tiknesa inaweka unene sawa.

Halafu upana. Milimita 230 maana yake meza ya kulia chakula iliyounganishwa kwa gundi haipiti. Paneli ya mlango haipiti. Tiknesa ya 500 inapitisha.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kwenye kikundi ni hili: kati ya mbao 560 za wiki, ngapi zinahitaji kuwa nyoofu kweli, na ngapi ni kwa ajili ya kufunika tu? Kaeni na daftari wiki nne, kila fundi aandike ubao umeenda kwenye kazi gani. Mkikuta robo tatu ni vitanda, milango na makabati, mashine ya pande nne siyo yenu hata mkipewa kwa nusu bei.

Jambo la pili ni mabadiliko ya vipimo. Kuhama kutoka 2x6 kwenda 1x8 siyo kugeuza gurudumu moja. Kichwa cha kushoto kinasogezwa, cha juu kinashushwa, roli za kukandamiza zinawekwa upya, unapitisha ubao wa majaribio, unapima kwa venia (kipimo cha unene), unarekebisha, unapitisha tena. Mzoefu anatumia dakika 15. Mkibadili visu kwa ajili ya kuchora umbo ni dakika 40 hadi saa nzima. Mafundi 16, kila mmoja ana mbao 35 za kipimo chake: kama saa nne kwa wiki zitaishia kwenye kuweka vipimo tu. Zile mbao 79 kwa saa za mkuu Penseli ni za mtu mwenye rundo moja la kipimo kimoja.

Fundi Bawaba:

Asanteni sana. Hili la kutonyosha hatukulijua, na kwa jirani ni kweli mbao hurudi laini ila zimepinda. Tulidhani ni unyevu.

Nimewauliza wenzangu haraka haraka, wengi kazi zao ni vitanda, milango na makabati. Wanne tu ndio wa dari na skatingi, lakini hao ndio wenye mbao nyingi, kama 250 kwa wiki.

Sasa je, hiyo tiknesa na randa ya meza zitatosha kwa mbao 2,400 za mwezi? Na tukienda kukagua mashine yoyote kati ya hizi, mtu anaanza wapi?

Penseli Sikioni:

Zitatosha kwa shida. Ubao mmoja kwa njia hiyo unapita mara nne: uso mmoja na ubavu mmoja kwenye randa ya meza, kisha uso wa pili na ubavu wa pili kwenye tiknesa. Watu wawili wakizoea ni kama dakika tano kwa ubao. 2,400 mara tano ni saa 200. Mwezi wa siku 26 kwa saa nane una saa 208. Hakuna nafasi ya kisu kuvunjika.

Ila hesabu yake ni nzuri. Waendeshaji wawili 900,000, umeme 180,000, visu 60,000, akiba 100,000. Jumla 1,240,000. Mkinunua kwa milioni 11 na kufunga kwa milioni 3, mnakopa milioni 5 tu, rejesho 250,000. Jumla 1,490,000, sawa na shilingi 621 kwa ubao. Mko chini ya jirani tangu mwezi wa kwanza.

Na kwa hao wanne wa dari: mbao zao 250 waendelee kupeleka kwa jirani. Ni kazi ya pande nne kweli, ila ni saa tatu tu za mashine kwa wiki. Kumbukeni tu kwamba mkibaki na 310 kwa wiki kwenu, gharama kwa ubao inapanda, labda mtahitaji mwendeshaji mmoja na msaidizi wa nusu siku. Pigeni upya kwa idadi yenu halisi.

Kijana wa Mafinga:

Naomba kupingana kidogo na mkuu Penseli. Mnahesabu miezi 24 ya mkopo halafu mnasimama. Mwezi wa 25 rejesho limekwisha. Kwa takwimu zako mwenyewe gharama inashuka hadi shilingi 385 kwa ubao, na mashine ya chuma cha kumimina ikitunzwa inadumu miaka mingi. Mashine ya pande nne pia inawapa mbao za ulimi na mfereji, ambazo zinauzwa kwa faida kuliko ubao mtupu.

Na kama wanakikundi ni vijana au wanawake, mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, haina riba. Milioni 25 kwa miezi 24 bila riba ni rejesho la 1,042,000, mnaokoa kama laki mbili kila mwezi.

Mninga Mkavu:

Mkuu, hesabu ya mwezi wa 25 ni kweli, nami naikubali kwa karakana yenye rundo kubwa la kipimo kimoja. Hawa wakiweza kukusanya mbao 4,000 kwa mwezi za dari na skatingi, wachukue bila kusita. Shida ni kuufikia huo mwezi wa 25 huku mnalipa 905 kwa kitu ambacho jirani anauza 700. Fundi mmoja mmoja ataanza kupeleka mbao zake kwa jirani kimyakimya, na rejesho linabaki kwa waaminifu.

Sasa ukaguzi, Fundi Bawaba. Hii inafaa kwa mashine zote, nitasema inapotofautiana.

Nendeni na mbao zenu wenyewe, kumi. Mbili ziwe zimepinda, moja imejipinda kama parafujo, moja ya mkongo. Msikubali ubao wa muuzaji. Mwambieni mnataka kuikuta mashine ikiwa baridi, maana ikiwa imeshawashwa asubuhi huenda ni kuficha mlio wa beringi.

Kabla ya kuwasha, zima umeme kabisa na ufungue kifuniko cha kichwa cha visu. Shika kichwa kwa mikono miwili ukitikise juu chini. Ukihisi kitu kinagonga, hata kidogo, beringi zimekwisha. Wenye dayali geji (kipimo cha saa cha mtikisiko mdogo) waweke sindano kwenye mwili wa kichwa, siyo kwenye kisu, wazungushe kwa mkono. Sindano ikicheza ndani ya milimita 0.02 ni nzuri. Ikifika 0.05, mbao zitatoka na mawimbi hata visu viwe vipya.

Angalia kabari zinazoshika visu na bolti zake. Kichwa cha bolti kilichoviringika maana yake mtu amekuwa akikaza kwa spana isiyo saizi. Hapo ndipo kisu huruka, na kinachoruka kwa mizunguko 6,000 hakichagui mtu. Kisu kitokeze karibu milimita moja tu nje ya kichwa. Pima upana wa visu: kama vimebaki na milimita chache za kushikwa na kabari, muuzaji anawauzia na gharama ya visu vipya.

Meza: weka rula ya chuma ya mita moja juu yake, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe. Ingiza fila geji (bati jembamba la kupimia pengo) ya milimita 0.1 chini yake. Ikiingia katikati, meza imelika. Kwenye randa ya meza hili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu unyoofu wa kila ubao unatoka kwenye unyoofu wa meza hiyo.

Fungua boksi la gia la roli za kuvuta, chukua oili kwa kijiti. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji. Ikimetameta rangi ya dhahabu, gia ya shaba inasagika.

Ndipo uwashe, kichwa kimoja kimoja, bila ubao, dakika 30. Beringi nzuri zinavuma mlio mmoja. Baada ya hapo zima, subiri vichwa visimame kabisa, gusa nyumba ya beringi: ukishindwa kuacha kidole hesabu ya tatu, inachemka kupita kiasi. Na pima muda wa kusimama. Kama kina breki na bado kinazunguka dakika nzima baada ya kuzimwa, breki imekufa, na siku moja mtu atafungua kifuniko akidhani kimesimama.

Pitisha mbao zako. Pima unene mwanzo, katikati na mwisho kwa venia. Tofauti isizidi milimita 0.2. Ikiwa sentimita 10 au 15 za mwisho zimeliwa zaidi, meza ya kutokea iko chini ya duara la visu, hiyo inarekebishika. Mstari mmoja ulioinuka kwenye ubao mzima ni pengo kwenye kisu, hiyo si ya kukataa mashine. Ukisogeza kisu kimoja kando milimita moja mstari unapotea hadi siku ya kunoa.

Mawimbi yana hesabu. Kwa kawaida kisu kimoja tu ndicho kinachoacha alama ya mwisho. Mita 8 kwa dakika ni milimita 8,000, gawa kwa mizunguko 6,000, unapata alama kila milimita 1.3. Huo ni uso wa samani. Ukiongeza mwendo hadi mita 24 alama zinakuwa kila milimita 4, na msasa hautazitoa kirahisi. Muuzaji anayekuonyesha mashine ikikimbia sana anakuonyesha kasi, mwombe akuonyeshe uso.

Maranda:

Nimesoma hadi hapa, hakuna aliyesema maranda yanaenda wapi.

Ubao wa 2x6 wa futi 12 ukila milimita 2.5 kila upande unatoa lita 3.6 za mbao imara, na zikiwa maranda ni karibu mara tano, yaani lita 18. Mara mbao 79 kwa saa ni magunia kumi kila saa. Bila kunyonya, mashine ya pande nne inajisakama ndani ya dakika chache: maranda yanabanwa kati ya roli na ubao, yanaacha vidoa vilivyodidimia usoni.

Kila kichwa kinahitaji bomba la milimita 125 lenye upepo wa mita 20 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mita za ujazo 880 kwa saa kwa kichwa, 3,500 kwa vichwa vinne. Mashine ndogo za mifuko miwili huandikwa namba kubwa ubavuni, lakini ni kabla hujafunga bomba. Mita tano za bomba la kukunjika zinaua sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Tumieni mabomba ya bati laini ndani, kona za mviringo, la kukunjika liwe nusu mita tu mwishoni.

Kwa tiknesa na randa ya meza unatosha uwezo wa kichwa kimoja kimoja, mnafunga kilango cha ile isiyotumika.

Maranda ya paini wafugaji wa kuku wananunua. Msichanganye na ya mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani, dawa yake inaweza kuwa na aseniki. Msichanganye na ya mninga. Na vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Vumbi la mbao kwa jumla limeorodheshwa kimataifa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya pua. Barakoa ya kitambaa haizuii hilo. Karakana pia inatakiwa isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa mujibu wa sheria ya 2003, na mkaguzi akija atauliza kwanza vifuniko vya visu na vumbi.

Katibu wa Kikundi:

Upande wa makubaliano, kwa ufupi. Risiti ya mauziano iandikwe jina la kikundi kilichosajiliwa, si la mwenyekiti. Malipo yawe kwa ubao na papo hapo, kabla mbao hazijatoka bandani. Deni la "nitalipa mteja akinilipa" ndilo linaloua mashine za pamoja. Waendeshaji wawe wawili tu, wenye ufunguo wa swichi. Daftari liwe na jina, idadi, kipimo, aina ya mti.

Wekeni siku za vipimo: Jumatatu na Alhamisi 2x6, Jumanne 1x8, Ijumaa vipimo vingine. Hili peke yake litawaokolea saa nyingi.

Na msumari. Andikeni sasa, kabla haujatokea, kwamba mwenye ubao ndiye anayelipa kunoa visu vilivyoharibiwa na msumari au mawe. Mvule uwe na kifungu chake, kwa sababu ndani ya mti wenyewe huwa na vijiwe vya chokaa visivyoonekana nje, na hapo mwenye ubao hana kosa. Hiyo ilipwe na akiba.

Anayejitoa kikundini alipwe nini? Semeni kanuni leo.

Fundi Bawaba:

Nimeandika yote. Jumamosi tunakwenda kuangalia tiknesa na randa ya meza, na mbao zetu kumi. Daftari la wiki nne tumeanza leo, ya pande nne tumemwambia muuzaji asitusubiri.

Swali la mwisho: paini yetu huja mbichi. Tunaweza kuipiga randa hivyo hivyo ili mteja asisubiri?

Mninga Mkavu:

Hapana. Kata kipande cha sentimita mbili, si mwisho wa ubao bali nusu mita ndani, kipime kwa mizani ya gramu, kikaushe kwenye oveni nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena, upime. Toa uzito mkavu kwenye ule wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kwa Dar mbao zilizokaa kivulini hutulia kwenye asilimia 14 au 15. Ukipiga randa ikiwa 25, ubao wa milimita 150 utapungua milimita 3 hadi 4 kwa upana nyumbani kwa mteja, na nyuzi zitasimama kama manyoya hata kisu kiwe kikali. Pangeni na vijiti katikati kila sentimita 50, vijiti vya juu viwe moja kwa moja juu ya vya chini, upepo upite, mvua isifike.

Utomvu wa paini utaganda kwenye meza za mashine. Futeni kwa mafuta ya taa kila jioni umeme ukiwa umezimwa, kisha mpake nta ya mshumaa.